Sauti ya Sarafu

Jumamosi, 4 Oktoba, usiku

Nimeilaza. Kaboni yote imo ndani ya kayaki, toka nyuma ya kiti hadi miguuni. Gramu 480 za kitambaa, gramu 480 za epoksi. Mgongo hauna hali.

Ila sioni! Faiba ya kioo hukwambia yenyewe: nyeupe ikishiba inakuwa kama maji, mbao inaonekana chini, pakavu panajulikana. Kaboni kavu nyeusi, iliyoshiba nyeusi. Nasukuma epoksi kwa kipande cha plastiki kama mtu anayepapasa gizani. Halafu kopo la epoksi likaanza kuwa la moto mkononi, na nusu bado imo. Nikaharakisha.

Neno hilo, nikaharakisha, linanikera hata kuliandika.

Jumapili, 5

Inanata bado. Gereji nyuzijoto 9. Tacoma na mvua yake. Epoksi kwenye baridi hujivuta. Ukiiongezea nyuzijoto 10, muda wa kuganda unapungua karibu nusu. Nimetundika turubai juu ya kayaki, hita mbali kidogo, na mimi kando kama nauguza mtu.

Au nilikosea kipimo cha kuchanganya? Mbili kwa moja. Mbili kwa moja. Nilihesabu kwa sauti.

Mama kapiga simu kutoka Tanga. "Chombo kimefika wapi, mwanangu?" Nikasema tunangoja kikauke. "Mbao mbichi?" Hapana, mama. Nikakwama hapo.

Jumatatu, 6

Imeganda! Ukucha hauachi alama. Juu kuna utando wa mafuta mafuta, kazi ya baridi na unyevu. Maji ya vuguvugu na dodoki, umetoka. Tabaka jingine lisingeshika juu yake.

Kisha nikachukua sarafu, nikagonga kaboni kote. Ti, ti, ti, mpaka nyuma ya kiti. Pu.

Nikarudia. Pu. Ukubwa wa kiganja. Chakula cha usiku hakikushuka.

Jumatano, 8

Nimekata pale palipolia pu. Chini kitambaa kikavu kabisa, mbao haijaguswa. Ni pale pale nilipofika kopo likiwa limeshachemka na epoksi imekuwa nzito kama asali. Ningeimimina kwenye sinia pana, isingejipasha vile. Nilijua. Miaka yote najua.

Nimepiga msasa pembeni kote, kiraka kikubwa kuliko tundu. Safari hii vikopo vidogo vidogo, kimoja kikiisha ndipo nachanganya kingine. Kwanza nimeipaka mbao yenyewe, kisha kitambaa juu yake, kishibe kutoka chini.

Vumbi jeusi limeingia hadi chini ya saa. Linawasha vibaya. Kesho mikono mirefu, na barakoa ile nzuri, si ya karatasi.

Jumapili, 12

Binti yangu ndiye aliyegonga. Mimi nimeinama, sikio kwenye ubao, sithubutu kupumua.

"Hapa, baba?"

Hapo.

Ti.

"Na hapa?"

Ti. Pote ti! Nimemkumbatia na vumbi langu lote, akapiga kelele.

Bado vikanyagio vya alumini. Vikigusa kaboni kwenye maji ya chumvi, vitaliwa. Nitaweka kipande cha faiba ya kioo katikati, uzito uongezeke tu.

Saa nne usiku. Nimeshuka tena gereji na sarafu yangu. Nimegonga pale pale, mara moja.

Ti.