Chumba Kisichofaa Kuhifadhi Mahindi

Mtu aliyezaliwa Makueni, katika nchi ya jua na vumbi jekundu, huona taabu kuamini kwamba katika Kenya hii hii pako mahali ambapo shati lililofuliwa Jumatatu huvaliwa Ijumaa lingali na maji. Mahali hapo ni Limuru, yapata kilomita 30 kutoka Nairobi, penye kimo cha zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari. Kuanzia Juni hata Agosti ukungu hulala juu ya mashamba ya chai asubuhi, na siku nyingine jua halionekani kabisa.

Huko ndiko alikokwenda kijana mmoja mwaka 2019, kusoma katika chuo. Mabweni yalikuwa yamejaa, basi yeye na mwenzake, kijana wa Malindi, wakapanga chumba nje ya chuo kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Chumba kilikuwa cha mawe, sakafu ya saruji, paa la bati lisilo na dari, na dirisha moja dogo. Nyuma yake palikuwa na mteremko, na udongo ulikuwa umeegemea ukuta hata kufika kimo cha goti. Walipokiona mwezi wa Februari, jua likiwaka, walikisifu kuwa ni chumba cha ubaridi mzuri.

Mvua za masika zilipokwisha, wakaanza kuona mambo. Asubuhi kuta zilitoka jasho kama mtu mwenye homa. Viatu vilivyowekwa chini ya kitanda vikaota manyoya ya kijani. Kurasa za vitabu zikajikunja, na pembeni mwa ukuta kukatokea madoa meusi ambayo, wakiyafuta leo, hurudi baada ya siku chache. Godoro lilipoinuliwa lilikutwa limelowa upande wa chini. Kijana wa Malindi, ambaye kwao hakujua kikohozi, akaanza kukohoa usiku na kupumua kwa sauti ya filimbi.

Wale vijana walidhani adui wao ni upepo. Basi wakaziba dirisha kwa gunia, wakaziba nafasi ya chini ya mlango kwa blanketi kuukuu, wakapika humo humo kwa stovu ya mafuta ya taa ili wapate joto, na nguo zao wakazianika kwenye kamba juu ya vitanda. Kadiri walivyoziba ndivyo kuta zilivyozidi kulia. Hawakuwaandikia wazee wao habari hizo. Kila mmoja alijua ng'ombe gani aliyeuzwa ili alipiwe karo, au shamba gani lililokodishwa, na aliona haya kulalamika juu ya baridi.

Usiku mmoja wa Julai baridi ilizidi. Wakaazima jiko la makaa kwa jirani, mama mmoja mchuma chai. Walilikokea nje mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, ndipo wakaliingiza chumbani. Walijua kwamba moshi ni mbaya. Wakadhani kwamba makaa yasiyotoa moshi hayana madhara. Wakafunga mlango, wakalala kwa raha ambayo hawakuipata kwa wiki nyingi.

Kabla ya mapambazuko kijana wa Makueni aliamka akitaka kutapika. Kichwa kilimgonga kama nyundo. Akamwita mwenzake, asiitikiwe. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akaanguka juu ya sufuria. Kelele ile ya sufuria ndiyo iliyowaokoa, kwa kuwa yule mama alikuwa amekwisha kuamka kwenda kazini. Alisukuma mlango kwa bega, akaona jiko, akaelewa. Akawaburuta wote wawili nje katika ukungu, akapiga yowe, na majirani wakawafikisha hospitali, ambako waliwekewa oksijeni.

Daktari akawaeleza mambo ambayo ingefaa kila mwenye jiko ayajue. Makaa yanapowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haimwashi mtu macho ili apate kuonywa. Ikiingia damuni hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu isiweze tena kubeba uhai kuupeleka kwenye ubongo na moyo. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Lakini mtu aliyelala hazijui dalili hizo, naye hutoka usingizini kwenda mautini bila kugeuka. Moshi kuisha si dalili ya usalama.

Siku ya pili baba yake kijana akafika kutoka Makueni. Alikuwa amepanda basi hadi Nairobi, kisha matatu, akiwa na koti alilolinunua njiani. Aliwakuta vijana wamerudi chumbani, wanyonge, wakingoja kukemewa.

"Shikamoo, baba," alisema yule wa Malindi.

"Marahaba, mwanangu. Mshukuruni Mungu, kisha mmshukuru yule mama."

Hakusema zaidi. Alizunguka chumba pole pole, kama azungukavyo mkulima shamba alilotaka kulinunua. Aligusa ukuta. Aliinua godoro. Kisha akachukua kopo la chumvi lililokuwa karibu na stovu, akaligeuza juu chini. Chumvi haikuanguka, ilikuwa imeganda kama udongo wa mfinyanzi.

Mkulima anayejua kazi yake huielewa lugha ya chumvi. Akitaka kujua kama mahindi yamekauka, huyatia katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajawa tayari kuwekwa. Wataalamu wa kilimo husema unyevu wake usizidi sehemu 13.5 katika 100.

"Mwanangu," akasema yule mzee, "nyumbani tungeweka mahindi humu?"

"La, Baba. Yangeoza."

"Mbona basi wewe umejiweka humu, usiniambie?"

Kijana akainamisha kichwa. Baadaye akajibu, "Niliona kwamba umekwisha kunifanyia mengi."

Mzee akakaa juu ya kitanda. Akawakumbusha mwaka 2004, wakati mwanawe alipokuwa mtoto mdogo. Mwaka ule, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyowekwa yangali na unyevu yaliota kuvu, na watu walioyala wakaugua maini. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. "Wengi waliona kuvu ile," alisema, "lakini waliona pia kwamba chakula ni haba, nao hawakutaka kusema. Unyevu ukifichwa huua. Ng'ombe wengine nitawapata. Neno moja lako kwa simu lingekuwa rahisi kwangu kuliko safari ya leo."

Kuvu ya ukutani si sawa na ile ya mahindi, lakini mbegu zake huruka hewani na kuingia kifuani, na mwenye pumu huzidiwa. Tena asili yake ni moja na ile nyingine: maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Yule mzee alikaa siku tatu. Kwanza alitaka kujua maji yale yanatoka wapi, maana hakuna faida kuziba tundu lisilovuja. Akagandisha vipande viwili vya nailoni, kimoja kwenye ukuta wa nyuma na kingine kwenye ukuta wa mbele, akaziba kando zote, akaviacha hata siku ya pili. Cha ukuta wa nyuma kilikutwa na maji upande wa ndani, baina yake na ukuta. Maana yake maji yalitoka katika udongo wa mteremko. Cha ukuta wa mbele kilikuwa kimelowa upande wa nje. Maana yake maji yalitoka katika hewa ya chumba chenyewe.

Vijana wakastaajabu. Lakini mtu mmoja akilala usiku kucha hutoa maji yasiyopungua glasi moja kwa pumzi na jasho lake. Nguo zikianikwa ndani, maji yake hayana pengine pa kwenda. Tena kila lita ya mafuta ya taa inayochomwa hutoa mvuke wa maji wa kadiri ya lita moja. Hewa yenye joto hubeba maji mengi. Ikigusa ukuta wa baridi huyatua mzigo, na ndipo ukuta hutoka jasho. Kwa kuziba dirisha, vijana walikuwa wameyafungia maji hayo yote ndani.

Mzee akaenda kwa mwenye nyumba, akavua kofia, akazungumza naye kwa adabu. Mwenye nyumba alisema kwanza kwamba Limuru yote ni baridi na kwamba wapangaji ni wengi. Mzee hakubishana. Alimwambia kwamba ukuta unaolowa mwisho huanguka, na nyumba ni ya mwenyewe. Wakapatana: mwenye nyumba atanunua mlizamu wa bati wa kupokea maji ya paa, na vijana watatoa nguvu zao. Siku mbili walichimba kwa jembe, wakauondoa udongo ulioegemea ukuta, wakakata mfereji wa kuyapeleka maji ya mteremko mbali na msingi.

Ndani, gunia likaondolewa. Juu ya mlango yakafunguliwa matundu mawili ya hewa yaliyokuwa yamezibwa kwa karatasi. Stovu ikahamia upenuni, na kamba ya nguo pia. Madoa meusi yakasuguliwa kwa maji yenye dawa ya klorini, pua na mdomo vimefungwa kitambaa na mlango u wazi. Vitanda vikasogezwa mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja, na mbao zikatandikwa zenye nafasi baina yake, mfano wa sakafu ya ghala la mahindi lililoinuliwa juu ya nguzo, ili hewa ipite chini ya godoro. Kila siku dirisha lilifunguliwa, hata penye ukungu. Kwa kuwa hewa ya baridi ikiingia ndani na kupata joto kidogo huweza kunywa maji na kutoka nayo.

Na baridi yenyewe? Haikuondoka. Limuru haikugeuka Malindi. Lakini mwili mkavu huishinda baridi kuliko mwili uliolowa. Vijana walijifunza kutandika blanketi moja chini yao, si yote juu, kulala na soksi kavu na kofia, na kutia maji ya moto katika chupa, kuifunga vizuri na kuivika kitambaa, kisha kuiweka miguuni. Jiko la makaa lilirudishwa kwa mwenyewe, pamoja na kilo mbili za sukari za kumshukuru.

Kikohozi cha kijana wa Malindi hakikwisha upesi. Alikwenda hospitali mara mbili zaidi kabla ya kifua chake kutulia. Lakini mwezi wa Septemba, kijana wa Makueni alipompigia baba yake simu, mzee hakuuliza kwanza habari za mitihani. Aliuliza, "Chumvi je?"

Kijana akalichukua kopo, akalitikisa karibu na simu ili baba yake asikie. Chumvi ikalia ndani ya kopo kama mchanga mkavu.