Nyumba Juu ya Kamyo

Mwalimu wa dini akiandika habari za bulo na resori, pengine mtasema ameacha kazi yake. Sivyo. Yaya wangu, mtoto wa mama mmoja nami, ni fundi wa vinu vya kusaga mahindi. Kila mwaka, mvua ikiisha, hutoka Likasi kufuata njia ya Bunkeya mpaka Mitwaba, na katika kijiji kimoja aweza kukaa siku tatu, hata juma zima, maana kinu kilichokufa hakiponi kwa saa moja. Miaka mingi alipanda kamyo za watu wengine, akalala chini yake juu ya turubai. Mwaka 2022 alinunua kamyo yake mwenyewe. Ilikuwa ndogo, ya Kijapani, haina sanduku nyuma: kabini tu na shasi tupu. Fedha ile ilikuwa akiba ya miaka kumi na mmoja, na zaidi ya nusu yake ilitoka katika biashara ya unga ya mke wake. Shauri lao lilikuwa kujenga juu yake nyumba ndogo yenye kitanda, meko na tangi la maji, wapate kusafiri pamoja na mtoto wao wa miaka minne.

Mimi walinitaka kwa sababu moja tu. Seminarini walinifundisha hesabu, tena nasoma Kifaransa cha vitabu vya watengenezaji wa kamyo, ambacho si Kifaransa cha misale.

Nyumba ya namna hiyo si jambo jipya duniani. Huko Marekani watu wengi hubeba chumba cha kulala juu ya motokari zao, wakakishusha wanapofika. Mwandishi John Steinbeck, mwaka 1960, alitengenezewa chumba kama hicho juu ya kamyo ndogo ya GMC, akaizunguka nchi yake pamoja na mbwa wake. Kamyo ile aliiita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote, na mpaka leo inatunzwa katika nyumba ya kumbukumbu yake mjini Salinas, jimbo la California. Lakini Steinbeck alikwenda kwa njia za lami. Sisi tuna njia ya Mitwaba. Tena yaya alitaka neno jingine: wakati wa mavuno kamyo ibebe mahindi. Kwa hiyo nyumba isishikamane na kamyo daima. Ilitubidi kwanza kutengeneza plato, ndiyo sakafu tambarare isiyo na kuta, kisha nyumba ikae juu yake na kuondoka.

Hapo ugomvi ukaanza.

Ukitazama chini ya kamyo utaona mihimili miwili mirefu ya chuma, toka mbele hata nyuma, yenye umbo la herufi U iliyolazwa ubavu. Imeunganishwa kwa vyuma vya kukingama. Hiyo ndiyo shasi. Watu wengi hudhani ya kuwa shasi ni kama msingi wa nyumba: kadiri inavyokuwa ngumu, ndivyo inavyofaa. Kumbe watengenezaji wameifanya ijipinde, tena kwa kusudi. Gurudumu la mbele la kushoto likipanda jiwe, na lile la nyuma la kushoto likitumbukia shimoni, resori peke yake hazitoshi. Mihimili nayo hujipinda kidogo, ili magurudumu yote manne yaendelee kukanyaga udongo. Lakini nyumba haiwezi kujipinda. Nyumba ikijipinda, mlango hukwama, dirisha hupasuka, misumari hutoka. Basi una kitu kinachotaka kujipinda, na juu yake kitu kisichotaka. Kazi yote ya plato ni kuvipatanisha hivyo viwili.

Yaya hakukubali. Alitaka kuchomea plato juu ya shasi, chuma kwa chuma, toka mwanzo hata mwisho. Alisema, "Mdogo wangu, chuma kikishikana na chuma, nani atakiachanisha?"

"Barabara, mwanangu," akajibu mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu. Mzee huyo alitengeneza kamyo za migodi kabla mimi sijazaliwa, na yaya alimheshimu kuliko vitabu vyangu vyote. Akaagiza ngazi ya mbao. Vijana wawili wakaishika, mmoja huku, mmoja huko, wakitazamana, na katikati akaweka kasha tupu la chupa. Akawaambia kila mmoja ainue mkono wake wa kuume. Ngazi ikajipinda, na kasha likainua pembe moja hewani. Kisha akaligongomea kwa misumari minne, pembe zote, wakainua tena. Msumari mmoja ukalia, ukatoka. Mara ya tatu akagongomea pembe mbili za upande mmoja tu, na zile mbili nyingine akazifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Vijana wakainua, wakashusha, wakainua. Kasha likafuata upande wake wa misumari, na mpira ukavutika upande wa pili. Hakuna kilichovunjika.

Yaya akanyamaza. Wote tulikumbuka kamyo moja ya mjini, ambayo karakana fulani iliichomea sanduku lake juu ya shasi. Mvua mbili hazikupita, mhimili ukapasuka nyuma ya kabini. Mwenye kamyo yule sasa anauza mkaa kwa baiskeli.

Basi tulijenga kwa namna ya ngazi ile. Kwanza tulifanya fremu ya plato, mihimili miwili ya chuma cha U, kimo cha milimetre 100, inayolala sawasawa juu ya mihimili ya shasi. Kati yao tuliweka ukanda wa mbao za mulombwa, ili chuma kisisagane na chuma. Ncha ya mbele ya fremu tuliikata mshazari, iende ikipungua kama kisu. Maana ncha ikikatwa butu hubonyeza shasi mahali pamoja tu, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Nyuma, karibu na ekseli, tuliifunga kwa mabamba na bulo, imara kabisa. Mbele, nyuma ya kabini, kila upande tuliweka bulo mbili ndefu zenye resori fupi nene chini ya nati, zilizotoka katika kamyo kuukuu. Kamyo ikiwa katika tambarare, resori huvuta plato ikae chini. Shasi ikijipinda, hukubali plato ijitenge kidogo, kisha huirudisha. Vyuma vya kando huizuia isiteleze kushoto wala kuume. Magari mengine, kama Unimog za Ujerumani, hubebesha sanduku juu ya nguzo tatu au nne zenye egemeo la kuzunguka, na hiyo ni njia bora kwa mashimo makubwa. Lakini yataka fundi wa vyuma vya kuchonga, na fedha ambayo hatukuwa nayo.

Mambo mawili mzee alituapisha. La kwanza, tusitoboe tundu katika midomo ya mhimili, ya juu wala ya chini, maana ndiyo inayobeba nguvu yote. Matundu yawe ubavuni tu. La pili, tusichomee kitu chochote juu ya shasi, kwa kuwa moto usiopimwa huondoa nguvu ya chuma kile. Na hata tulipochomea fremu karibu na kamyo, kwanza tulifungua nyaya za betri. Mambo hayohayo niliyakuta katika vitabu vya watengenezaji, karibu neno kwa neno, nami nilifurahi kwa siri.

Sasa hesabu. Mlangoni mwa kamyo pana kibati kisemacho uzito wa mwisho, gari na vyote vilivyomo: kilo 5.500. Tuliipeleka kwenye mizani. Kabini na shasi, tangi la mazuti limejaa: kilo 2.350. Zikabaki 3.150. Plato ilikula 480, nyumba 720, maji litre 200 ndizo kilo 200, vyombo vya ufundi 300, watu watatu 200, matandiko na chakula 150. Jumla 2.050. Ikabaki akiba ya kilo 1.100, na yaya akaanza palepale kuota mashine ya pili. Nilimwonyesha hesabu ya mahindi vilevile: nyumba ikishushwa na vyombo vyake, magunia ya kilo 50 yawe 48, si zaidi. Alitaka 60. Tulibishana siku mbili. Mke wake ndiye aliyemaliza neno, akisema kwamba fedha ya unga wake ilinunua magurudumu, na magurudumu yake hayabebi 60.

Lakini uzito si kiasi tu, ni mahali pia. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma mna metre 3,35. Ukiweka mzigo wa kilo 1.000 nusu metre nyuma ya ekseli ya nyuma, unaondoa karibu kilo 150 katika magurudumu ya mbele, kama watoto wanaobembea juu ya ubao. Usukani unakuwa mwepesi, na mlimani dereva anageuza gurudumu lisiloshika udongo. Kwa hiyo tangi la maji tuliliweka chini, kati ya mihimili, mbele ya ekseli ya nyuma; sanduku la vyombo karibu na kabini; kitanda, ambacho ni chepesi, nyuma. Kuta za nyumba ni vyuma vyembamba vya mraba, bati la aluminiamu nje na tripleksi ndani. Shemeji alitaka kabati la mbao ngumu juu ya kitanda, kama la mama yake. Nilimwambia kwamba kilo 40 zilizo juu hivyo huitikisa kamyo kuliko 100 zilizo chini. Akaniuliza kama seminarini walinifundisha pia mahali pa kuweka sahani. Kabati likafanywa, ila la tripleksi.

Kati ya kabini na nyumba tuliacha nafasi ya sentimetre 15. Wageni wote huuliza kwa nini tumepoteza nafasi ile. Ni kwa sababu kabini huenda na sehemu ya mbele ya shasi, nyumba huenda na nyuma. Bila nafasi zingepigana vichwa. Kwa sababu hiyohiyo minyororo minne inayoishika nyumba, yenye skurubu ya kukazia, imefungwa katika plato, si katika shasi. Kuifunga katika shasi ni kurudisha ile misumari minne ya kasha.

Siku ya kujaribu, mzee aliagiza magogo mawili ya sentimetre 30. Tulipandisha gurudumu la mbele la kushoto juu ya moja, na yale ya nyuma ya kuume juu ya jingine. Kamyo ikalia, na yaya akafumba macho. Nililala chini na rula: upande wa kuume nyuma ya kabini, plato ilikuwa imejitenga na shasi milimetre 35. Mtoto alikuwa amejificha ndani ya nyumba bila sisi kujua. Akafungua mlango, akatuchungulia, akaufunga tena. Mlango haukukwama. Mzee akasimama, akapangusa mikono, akaomba chai.

Safari ya kwanza ilikuwa Juni 2023. Kabla ya kutoka tulikaza bulo zote, na baada ya kilometre 50 tukazikaza tena, maana mbao mpya husinyaa na bulo hulegea. Nati moja ya mbele ilikuwa imezunguka nusu. Resori zilikuwa nzima.

Katika kijiji kimoja zaidi ya Bunkeya walikaa siku tisa. Huko ndiko waliposhusha nyumba kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Ina miguu minne ya chuma kwenye pembe, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo imepanuliwa kando hata magurudumu ya nyuma yapite kati yake. Wawili huzungusha pamoja, pembe mbili mbili, kidogo kidogo, isilale upande. Nyumba ikiinuka upana wa kiganja, dereva huondoa kamyo polepole, na nyumba inabaki imesimama peke yake. Yaya alitia mbao za kando katika vishikio vya plato, akaenda kuchukua mahindi ya watu, magunia 48. Alirudi jioni, akaenda tena kesho yake. Fedha ya mazuti ya safari nzima ilipatikana katika siku nne.

Watoto wa kijiji walishinda chini ya nyumba ile, kwenye kivuli. Siku ya tatu alikuja mzee mmoja wa baraza, akaizunguka mara mbili, akauliza kwa heshima kama mwenye nyumba amekwisha kumwona chifu kwa ajili ya kiwanja. Shemeji alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Alimwonyesha vipande vinne vya ubao vilivyowekwa chini ya miguu ili isizame katika udongo laini, akamwambia, "Baba, tazama vizuri. Haijagusa chini."