Fedha ya Upatu na Kompyuta ya Nyumbani

Akina mama wenzangu, fedha ya upatu ikifika mkononi, kila mtu nyumbani huwa na mpango nayo. Yangu ilipofika nilitaka tupate kompyuta ya mezani: watoto wasomee, nami niandike hesabu za umoja wa wanawake kanisani badala ya kukesha na madaftari baada ya zamu. Kijana wetu wa sekondari alitaka kasha la kioo lenye taa za rangi na kadi kubwa ya michezo. Baba watoto alitaka tununue iliyotumika, ndogo, ya ofisini. Na fedha hiyo hiyo ndiyo tuliyoitegemea kwa ada ya muhula.

Tuliketi mezani tukaandika kazi kwanza, vifaa baadaye. Ile ndogo ya ofisini ilikuwa na bei nzuri. Lakini fundi alitueleza kwamba nyingi za namna hiyo hutumia pawa saplai ya umbo lake pekee. Ikifa, kuipata nyingine ni taabu. Baba watoto akasema, "Basi tuunganishe yetu."

Kwenye prosesa tulichagua Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, kwa sababu inatoa picha yenyewe bila kadi ya ziada. Angalieni herufi hiyo G. Ryzen 5 5600 isiyo na G haitoi picha mpaka uinunulie kadi. Kwa Intel, jihadharini na F mwishoni. Sisi wauguzi tunajua jinsi herufi moja katika jina la dawa inavyobadili mambo.

Mazabodi nayo ipatane na prosesa, kama damu ya mtoaji na ya mgonjwa. Prosesa yetu huingia katika soketi ya AM4, na mazabodi za soketi hiyo hupokea ramu ya DDR4. Ya DDR5 haiingii hata ukisukuma. Tulichukua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa kuwa viwili husaidiana, na prosesa ya namna hii huchota nafasi ya picha humo humo. Diski tulichukua SSD ya GB 500, maana diski ngumu ya kuzunguka huichelewesha kompyuta kuwaka.

Mahali ambapo sikukubali kubania ni pawa saplai. Imejificha ndani, haina wa kuisifia, kwa hiyo ndiyo watu huipunguzia bei. Lakini ikiungua vibaya inaweza kuondoka na mazabodi pamoja na diski yenye kazi zenu zote. Prosesa yetu imepangiwa wati 65 tu. Hata hivyo tulinunua pawa saplai ya wati 550, ya kampuni inayojulikana na yenye alama ya 80 Plus, ili siku kijana wetu akipata mshahara wake aongeze kadi anayoitamani. Nafasi yake kwenye mazabodi ipo, inamngoja.

Tulibana kwingine: kasha la bati la kawaida, monita iliyotumika, kibodi ya bei ndogo. Ubuntu na LibreOffice hazikutugharimu kitu, na faili za Word zinafunguka humo.

Mama, jambo la mwisho. Fedha yaweza kuja kidogo kidogo, lakini vifaa nunueni kwa pamoja. Muda wa dhamana huhesabiwa tangu tarehe ya risiti, na kifaa kikilala kabatini miezi mitatu hamtajua kama ni kizima. Mwombeni fundi aviunganishe na kuviwasha mbele yenu, kisha risiti zote zitieni katika bahasha moja. Ya kwetu imekaa kabatini, kando ya ile ya ada, ambayo haikuguswa.