Mpeleke Ulaya, ila Taratibu

Muahidi mpenzi wako Ulaya wikiendi hii. Viza haitakiwi: ni kata ya wilaya ya Kilosa, kwenye njia inayochepuka mjini Mikumi kwenda Kilosa. Ukitokea Dar utakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na hapo ndipo wengi wetu hujigeuza madereva wa mashindano, muziki juu, simu mkononi. Mabango yanasema 70 mchana, 50 usiku. Matuta yapo. Faini ya kumgonga twiga imetangazwa kuwa dola 15,000. Hanimuni imeishia hapo!

Ukiingia njia ya Ulaya twiga wanabaki nyuma, wanakuja watoto wa shule na baiskeli. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka 50 kwenye makazi, basi. Lakini mkutano wa kijiji unaweza kupendekeza sheria ndogo, halmashauri ikaiidhinisha. Wanakijiji wakitaka kuwabana vijana wa mjini wanaojirusha na pikipiki barabarani kwao, mimi niko upande wao. Mbona twiga ana bei?

Dada, mguu wake ukizidisha mafuta, mwambie “punguza, baba”. Akibisha, nuna.