Maneno Kabla ya Herufi

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii sisi walimu huitaja kila tunaponena juu ya malezi, na aghalabu huitaja tukiwa na fimbo mkononi. Ukweli wake hatuupingi, kwani mtoto hufundishika angali mdogo. Lakini methali haisemi akunjwe vipi, wala akunjwe na nani. Kwa zaidi ya miaka sitini wataalamu wa nchi mbalimbali wamelichunguza jambo hilo miongoni mwa watoto wa maskini, na wengine wamewafuatia watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Waliyoyaona yanatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, hasa wakati huu ambapo lugha yetu inabisha hodi katika shule za chekechea.

Tuanze na mji wa Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani. Huko, mwaka 1962, David Weikart na wenzake walifungua darasa la watoto wadogo katika shule iliyoitwa Perry. Waliandikisha watoto 123 wa umri wa miaka mitatu na minne, wote Wamarekani weusi wa jamaa maskini, waliodhaniwa kuwa wangeshindwa na masomo. Watoto 58 waliingizwa darasani, na 65 hawakuingizwa, ili makundi mawili yapate kulinganishwa. Darasa lilikuwa la saa mbili na nusu kila siku ya kazi, na kila juma mwalimu alimtembelea mama nyumbani kwake kwa saa moja na nusu. Humo darasani mtoto hakukalishwa kukariri. Alitakiwa aseme anakusudia kufanya nini, alifanye hilo alilokusudia, kisha awasimulie wenzake jinsi alivyolifanya.

Walipotimiza miaka mitano, watoto wa darasa lile waliwashinda wenzao kwa mbali katika mitihani ya akili. Lakini baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti ile ilififia, na wapo waliosema kwamba kazi yote imekwenda bure. Wachunguzi hawakukata tamaa. Waliwarudia watu wale tena na tena, na walipofika umri wa miaka 40 ikaonekana kwamba waliopitia darasa lile, 65 katika kila mia walikuwa wamehitimu sekondari, hali kwa wenzao walikuwa 45. Waliokwisha kukamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa 36 katika kila mia, na kwa wenzao 55. James Heckman, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alipiga hesabu pamoja na wenzake, akakadiria kwamba fedha zilizotumika zilirudisha faida ya asilimia 7 hadi 10 kila mwaka. Ni kweli kwamba watoto 123 ni wachache. Hata hivyo ni mara chache sana mwalimu hupata kuonyeshwa matunda ya kazi yake baada ya miaka 35.

Uchunguzi wa pili ulifanywa Jamaica. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake walikusanya watoto 129 wa umri wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walipewa maziwa ya unga kila juma; baadhi walitembelewa nyumbani saa moja kila juma na mhudumu wa afya wa mtaani; baadhi walipata yote mawili, na waliosalia hawakupata lolote kati ya hayo. Mhudumu yule hakuwa msomi mkubwa. Alifika na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono, akaketi na mama na mtoto, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe na kuzungumza naye. Ziara hizo ziliendelea kwa miaka miwili. Baada ya miaka ishirini, wale waliotembelewa walikuwa wakipata mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25. Waliopewa maziwa peke yake hawakuonyesha faida kama hiyo. Hakuna asemaye kwamba mtoto mwenye njaa ashibishwe maneno, la hasha. Lakini saa ile moja ya mazungumzo ilifanya kazi ambayo maziwa peke yake hayakuiweza.

Msomaji asije akadhani kwamba kila penye chekechea pana baraka. Katika jimbo la Tennessee, huko huko Marekani, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuatia watoto 2,990 wa jamaa za kipato kidogo walioombewa nafasi katika madarasa ya awali ya serikali. Nafasi hazikutosha, ikapigwa kura. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yaliwashangaza wengi: kufikia darasa la sita, watoto waliopata nafasi walikuwa nyuma ya waliokosa katika mitihani, na utovu wa nidhamu kwao ulikuwa mkubwa zaidi. Sababu zingali zinajadiliwa. Lakini sisi tuliofundisha kwa miaka mingi hatukushangaa kusikia wachunguzi wakiuliza habari za madarasa ambamo mtoto wa miaka minne hukaa muda mrefu akisikiliza na kuamriwa, na muda mfupi akisema. Jina la chekechea si dawa. Inafaa kuuliza ni nani anazungumza humo ndani, na anazungumza na nani.

Katika eneo letu hili mfano haukosekani. Katika miaka ya 1980, mjini Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa mpango wa chekechea za madrasa ambao mwalimu Swafiya Said alikuwa nguzo yake. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanawake wa mtaa wenyewe walifunzwa ualimu. Vifaa havikuagizwa ng'ambo. Vilikuwa vifuu vya nazi, mbegu, visoda na vitambaa. Utaratibu ule wa Ypsilanti, wa mtoto kukusudia, kutenda na kusimulia, uliingizwa humo na kuchanganywa na mafunzo ya dini na nyimbo za nyumbani. Tunavyoona sisi, haukuonekana mgeni pwani kwa sababu mtoto aliusimulia kwa lugha aliyoamkia.

Sasa tuje kwetu Uganda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini furaha ile imezaa haraka. Shule za watu binafsi mijini, ambazo tangu hapo zilikuwa zikijinadi kwa Kiingereza, zimeanza kujinadi kwa Kiswahili pia, na hata mtoto wa miaka mitatu husailiwa kabla ya kupokewa.

Jirani yetu mmoja, muuza nyanya sokoni, alitujia kwa shida hiyo. Alitaka tumfundishe mwanawe Kiswahili kidogo kabla ya siku ya usaili. Mama huyu tunamjua. Akiwa mezani pake sokoni ana ulimi wa asali: huvuta wateja kwa Kiluganda, huwatania, huhesabu, hubembeleza, hutupa mafumbo. Lakini mwanawe, kwa ushauri aliopewa na watu wa shule, huzungumza naye Kiingereza tu, na Kiingereza chake hakizidi maneno thelathini: njoo, kula, acha, lala, kaa kimya. Utajiri wake wote wa lugha huuacha sokoni jioni, akarudi nyumbani fukara.

Tukamwambia, "Mama, mzungumzishe mtoto kwa Kiluganda. Mweleze habari za sokoni, muulize naye akueleze." Akatutazama kwa mashaka, akajibu, "Mwalimu, wewe watoto wako Kiingereza wanakijua. Wangu akikosa nafasi, utamsomesha wewe?"

Neno hilo ni zito, na ni haki kulijibu. Watoto wetu walikijua Kiingereza baada ya kuijua lugha ya nyumbani, wala hawakuambiwa wachague moja. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 wenyewe ulikusudia hivyo, kwamba darasa la kwanza hadi la tatu watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pao. Mwenye nacho ana ujasiri wa kuufuata. Asiye nacho anaogopa kuachwa nyuma, na kwa hofu hiyo anaitupa mali pekee ambayo hakuinunua. Mama yule hana kosa. Kosa ni la wale wanaomuuzia hofu, na sisi walimu wa Kiswahili tusijiunge nao katika biashara hiyo.

Tena tunayo sababu yetu wenyewe. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 Kiswahili tulikisikia kwanza vizuizini, katika vinywa vya askari: simama, shuka, keti chini. Wenzetu wengi hawakukisamehe mpaka leo. Kilichotuokoa sisi ni mzee mmoja, fundi cherehani kutoka Tabora, aliyetutegea vitendawili barazani huku akishona. Lugha ni ile ile, ila kwa yule ilikuwa amri, na kwa huyu ilikuwa mchezo. Tukimwendea mtoto wa miaka mitatu na ngeli, orodha ya msamiati na kiboko, tutakuwa tumewarithi wale wa vizuizini.

Kwa hiyo tungependa chama chetu kitafakari. Kiswahili kiingie chekechea kwa wimbo, kitendawili na hadithi, kando ya lugha ya mama bila kuiondoa. Herufi na ngeli zina siku zake. Mwalimu wa chekechea, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, afunzwe jinsi ya kumsikiliza mtoto anaposema. Tena tuwatembelee wazazi, kama walivyofanya Ypsilanti na Kingston, tuwaeleze bila kuwadharau kwamba mazungumzo yao ya jioni ni elimu. Mtoto aliyezoea kuuliza na kusimulia kwa Kiluganda, Kiacholi au Kinyankole, akifika kwetu darasa la nne atatuuliza na kutusimulia kwa Kiswahili pia. Yule aliyezoea kunyamaza atanyamaza katika lugha zote tatu.