Walio Pembeni mwa Picha

Sisi watumishi tunaopanda na kushuka kati ya Masasi na Newala tunabeba Biblia, kitabu cha nyimbo, na kamera moja kuukuu. Lenzi yake ni Canon pana ya milimita 35, iliyotengenezwa Japani miaka ya 1950. Tuliachiwa na mtumishi mstaafu aliyerudi kwao.

Zamani wengi waliziona lenzi za Japani kuwa vitu vya kuiga tu. Mwaka 1950 mpiga picha wa Marekani, David Douglas Duncan, alizijaribu lenzi za Nikkor mjini Tokyo, akaenda nazo kwenye vita vya Korea. Picha zake ziliwafanya wengi waziheshimu.

Kamera ya namna hii hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kidogo ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili, nawe unazungusha lenzi mpaka taswira hizo mbili ziwe moja. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona nyuzi 46 hivi. Yetu huona nyuzi 63. Ukisimama Newala, pale Shimo la Mungu, unapata sehemu kubwa zaidi ya bonde linaloshuka kuelekea Mto Ruvuma. Lakini kila kitu huwa kidogo, na walio ukingoni huvutwa kidogo sura zao. Ukitaka uso wa mtu uonekane vizuri, sharti umsogelee.

Jumapili moja ya Kipaimara tuliupiga picha usharika wote mbele ya kanisa. Picha zilipokwisha kusafishwa, tuliona pembeni, chini ya mwembe, mabinti watatu wenye watoto mgongoni. Walikuwa wametengwa na Meza ya Bwana kwa kuzaa nje ya ndoa. Walikuja kuwatazama wadogo zao wakibarikiwa, wakasimama mbali.

Mzee mmoja wa kanisa alipendekeza ukingo ule ukatwe kabla picha haijatundikwa ofisini. "Mchungaji, hawa hawamo kundini," alisema.

Mama mmoja, naye mzee wa kanisa, akamjibu, "Baba, mbona kwenye mchango wa mabati tuliwahesabu?"

Tukanyamaza. Kisha mama yule akaweka kidole katikati ya picha, kwenye safu ya kwaya. Baba wa mmoja wa watoto wale alikuwa pale, amevaa joho, anatabasamu. Yeye hakuna aliyemtenga.

Picha haikukatwa. Lakini lenzi pana iliwaingiza mabinti wale kwenye karatasi tu; kwenye ushirika haikuwaingiza. Hiyo ilikuwa kazi ya miguu yetu. Tulikwenda nyumbani kwao, mwinjilisti, wazee na mchungaji, na kwa yule kijana wa kwaya pia. Mabinti wawili walirudi kundini kabla ya Krismasi. Wa tatu alitukaribisha mkekani, akatupa maji ya kunywa, akauliza, "Mmenifuata kwa sababu ya picha?"

Swali lake bado tunatembea nalo. Mchungaji mwema alimtafuta kondoo mmoja kwa sababu alijua hayupo, wala hakungoja kuonyeshwa. Ndugu msomaji, Jumapili hii, kabla hujaketi mahali pako pa siku zote, tazama kwanza chini ya mwembe.