Ubeti Uliopungukiwa na Mizani

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika maamkizi. Kabla haja haijatajwa, sharti kwanza ziulizwe habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mvua. Na mwenye kuziruka huhesabiwa kuwa hakufunzwa. Katika utumishi wangu wa serikali hapa Tanga nimewaona watu wazima wakizungushwa kwa siku nzima, si kwa sababu karatasi zao zilikuwa na kasoro, bali kwa kuwa waliingia ofisini na haja mkononi bila ya salamu mdomoni. Nakiri kwamba sikuuona ubaya wa jambo hilo mpaka nilipokaa nyumba moja na mpwa wangu.

Kijana huyu, mtoto wa dada yangu, ana usonji. Usonji si laana, wala si malezi mabaya kama majirani wanavyonong'ona. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu utotoni, hata akazipokea sauti, nyuso na kauli za watu kwa njia iliyo mbali na ya wengi. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto wa namna hii huko Marekani mwaka 1943. Mpwa wangu husema neno kama lilivyo, na hulisikia kama lilivyosemwa. Hamtazami mtu machoni. Kwa hili la mwisho marehemu mama yangu alikuwa akimsifu sana, maana kwetu kijana anayemkazia macho mkubwa wake ni mtovu wa adabu. Kumbe kwa madaktari hiyo ni mojawapo ya dalili!

Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, nilikuwa na wageni barazani, nikawasomea shairi langu jipya. Wageni walilisifu, kama ilivyo ada. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, ubeti wa tatu, mshororo wa pili, una mizani 15." Kila mtu akainamisha uso. Nilimkemea mbele yao, nikamwamuru aombe radhi. Akauliza, "Radhi ya nini, mjomba? Nimehesabu." Hatimaye aliomba, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Alikuwapo pia rafiki yake, kijana wa Ngamiani, ambaye naye ana usonji. Wakati sisi wakubwa tulipokuwa tukiona haya, yeye alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipomaliza akasema, "Kweli, ni 15," akaendelea na kahawa yake. Hakumtetea mwenzake wala hakumhurumia, kwa kuwa hakuona kosa lolote la kutetewa.

Tangu hapo nikaanza kuwachungua. Yule rafiki huja bila ya hodi ndefu, huketi, na huweza kukaa nusu saa asiseme neno. Mpwa wangu haoni kuwa amedharauliwa. Siku moja dada yangu alimwambia mgeni huyo "Karibu chakula" kwa mdomo tu, kama tusemavyo sote huku tukitumaini kujibiwa "Ahsante, nimeshiba." Kijana akaketi, akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Dada yangu alinung'unika usiku kucha. Mwanawe alimjibu, "Mama, si ulimkaribisha?"

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wawili hawa hawahukumiani. Wanahukumiana, tena vikali, ila mizani yao si ile yetu. Ahadi ya saa kumi ni saa kumi. Alasiri moja rafiki alifika saa kumi na nusu, na bao lilikuwa limekwisha pangwa kete. "Umechelewa dakika 30." "Ndiyo. Nilikuwa namtazama fundi wa redio." "Sawa." Wakaanza kucheza. Mimi ningesingizia foleni au mgonjwa, na mwenzangu angejifanya kuniamini.

Liko na kosa lililowashinda. Rafiki ana tabia ya kuvumisha wimbo puani anapofikiri, na mpwa wangu sauti hiyo humwumiza kama msumari unaokwaruza bati. Alimwambia anyamaze; mwenziwe hakuweza. Mpwa wangu akaziba masikio, akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa wiki tatu hawakuonana. Usonji haumfanyi mtu awe mstahimilivu kwa ndugu zake wote, kama vile ushairi usivyotufanya sisi malenga tupendane. Mwisho wa wiki ya tatu yule kijana alikuja, akasimama uani, akasema, "Leo nitakaa mbali." Akaketi chini ya mwembe, hatua kama ishirini, na bao likachezwa kwa kutajiana mashimo. Sijapata kusikia suluhu fupi kuliko hiyo.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio moja. Watu wazima 67 wenye usonji na 58 wasio nao walikutanishwa wawiliwawili wasiojuana, wakazungumza kwa dakika tano, kisha kila mmoja akaulizwa amemwonaje mwenziwe. Makundi yote mawili yaliwaona wenye usonji kuwa ni wazito wa kuzungumza. Lakini wasio na usonji ndio waliopenda zaidi kukutana tena na watu wa aina yao; wenye usonji hawakuwakwepa wenzao, na waliwafunulia mengi zaidi ya nafsi zao. Kasoro waliziona, ila hawakuzifanya sababu ya kumwacha mtu. Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alikwisha kuandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili, wala hakutoki kwa mwenye usonji peke yake.

Nilipoyasoma hayo niliutoa ule ubeti wa tatu, nikahesabu kwa kalamu. Ulikuwa na mizani 15. Wageni wangu, ambao wawili kati yao ni malenga, bila shaka waliisikia kasoro ile, wakanistahi. Nimekwisha kuurekebisha.

Walakini tangu jioni ile mpwa wangu hajahesabu tena mashairi yangu. Mwezi uliopita nilimwomba radhi, tena kwa maneno mengi, kama tujuavyo sisi. Alisikiliza, akasema, "Sawa, mjomba." Nimemwekea shairi jipya juu ya meza yake karibu na redio anazozifungua, na katika ubeti wa nne nimepunguza mizani moja kwa makusudi. Leo ni siku ya sita.